Aliyeanguka na Aliyeamka

Tarehe 3 Februari

Chiriku wangu,

Marahaba, ingawa hujaniamkia. Najua ungeniamkia kama ungekuwa hapa, kwa hiyo naitikia kabisa tusidaiane. Sisi huku tunasukuma siku. Kaka yako bado anatengeneza simu kwenye kibanda chake, na mkewe ana mimba. Anatapika asubuhi, mchana na jioni, na kaka yako anamfuata na ndoo utadhani wa zimamoto. Goti langu limepoa. Bomba la jikoni linavuja kama ulivyoliacha.

Simu zangu hupokei. Silalamiki, nasema tu, ndiyo maana nimerudi kwenye kalamu, mimi mwenye mwandiko wa kuku.

Baba yako alianguka. Alikuwa juu ya ngazi akiandika bango la duka la dawa pale kona, amebakiza neno moja tu. Ngazi ikateleza, akapiga kichwa kwenye ukingo wa baraza. Alilazwa, na siku za mwanzo hakujua yuko wapi wala mimi ni nani. Sasa yuko nyumbani. Anakula, anatembea, anavaa shati mwenyewe, ila vifungo vinamchanganya. Daktari anasema ubongo umeumia upande wa mbele, na kwamba mambo ya miaka mingi huenda yamefutika.

Wewe anakukumbuka. Ila anakukumbuka ukiwa mdogo, ulipokuwa unakaa chini ya ngazi yake na kopo tupu na brashi kavu, unapaka rangi hewa huku ukiongea bila kumeza mate, mpaka yeye mwenyewe akakupa jina la Chiriku. Kila siku ananiuliza, "Chiriku yuko wapi?" Namwambia uko mbali, kazini.

Na sikio lako je? Wakati wa baridi lifunike kwa kitambaa. Homa ile ilikuachia balaa.

Nakuacha hapo, ndoo ya bombani imejaa.

Mama yako


Tarehe 19 Machi

Mama, shikamoo.

Barua yako ilifika mapema, mimi ndiye niliyechelewa. Ilikaa juu ya kabati nikawa naipita tu. Mpe wifi pole, mwambie atafune kitu kikavu kabla hajanyanyuka kitandani, wenzangu wa kazini wanasema inasaidia. Bomba mwambie kaka abadilishe mpira wa ndani. Ni kazi ndogo.

Mimi mzima. Bado niko kwenye kiwanda cha sare, ila sasa wamenifanya msimamizi wa wasichana wanaoshona kola. Cherehani zinanguruma kutwa nzima na wenzangu wanalalamika masikio yanawauma. Mimi nina nafuu ya nusu.

Pole kwa kuuguza. Hiyo pole ni yako wewe, si ya mtu mwingine. Ukiandika tena niandikie habari za goti, za bomba, za wifi. Habari za mzee sizihitaji.

Sikio ni lile lile.

Binti yako


Tarehe 5 Aprili

Chiriku wangu,

Marahaba, na asante kwa kuandika, hata kama barua yenyewe nimeimaliza maji hayajachemka. Wifi yako alitafuna kitu kikavu, akatapika kitu kikavu. Tunakushukuru hivyo hivyo. Kaka yako amebadilisha mpira wa bomba. Sasa linavuja pembeni.

Umenikataza habari za mzee. Nimejaribu, mwanangu. Nimekaa na karatasi nikatafuta habari nyingine nikakosa, kwa sababu ndani ya nyumba hii hakuna habari nyingine. Nisomee tu, halafu uchane.

Unakijua kikohozi chake cha getini. Alikuwa akikohoa, redio inazimwa, kaka yako anashusha miguu, wewe unakusanya madaftari, na mimi natazama kama meza imefutwa. Hata sasa anakohoa. Nadhani kifua hakikuambiwa kwamba kichwa kimesahau. Siku ya kwanza aliporudi kutoka kunyoosha miguu akakohoa pale getini, nikaruka nikazima redio. Akasimama mlangoni, akanitazama, akauliza, "Kwani mimi nikikohoa redio inaharibika?" Aliuliza kwa dhati kabisa. Nikamwambia ni heshima tu, mume wangu. Akasema heshima gani hiyo ya kukata wimbo katikati, akaiwasha mwenyewe, akashika mwiko, akacheza. Baba yako, na mwiko mkononi.

Anaosha vyombo. Anauliza kama nimechoka. Juzi alinikanyaga kidole akasema samahani. Katika ndoa yangu yote sikuwahi kulisikia neno hilo likitoka kwake. Nilikaa kitini ghafla, akadhani ameniumiza sana, akaenda kutafuta maji ya chumvi.

Nina furaha, Chiriku, na furaha hiyo inanisuta. Nafurahi kwamba mume wangu alianguka. Nimeliandika na silifuti. Nikianika mashati yake kwenye kamba naona aibu, kama mke aliyemkaribisha mgeni ndani wakati mumewe hajulikani aliko. Daktari alituambia kumbukumbu zake za zamani zinaweza kurudi, taratibu au ghafla. Alilisema kama habari njema. Nikamjibu, "Tunaomba, daktari." Na kweli naomba, ila naomba kinyume chake.

Jambo moja limebaki, na usikasirike. Baba yako amesema nikuandikie kwamba amekusamehe.

Mama yako


Tarehe 27 Aprili

Mama, shikamoo.

Natumaini wifi ameanza kula.

Amenisamehe nini?

Barua yako niliisoma nikiwa nimesimama kando ya meza ya kukatia, na nilipofika kwenye mstari ule wa mwisho mkasi ukaenda na kitambaa cha watu. Nimeharibu kazi ambayo ningemfokea msichana yeyote kwa kuiharibu. Nikaisoma tena nikidhani nimeruka neno. Sikuruka.

Sitaki kusikia kwamba ni mgonjwa na hajui anachosema. Mgonjwa hakujitungia jambo hilo peke yake. Niambie umemwambia nini kuhusu mimi. Usinizungushe.

Binti yako


Tarehe 16 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Wifi yako anakula sasa, tena anakula na sehemu yangu. Goti limerudi kuuma. Nilitaka nikuelezee goti kwa kirefu, lakini umesema nisikuzungushe.

Siku ya kutolewa hospitalini daktari aliniita kando ya kitanda akaniuliza, "Kabla ya kuanguka, mzee alikuwa mtu wa namna gani? Mkali? Mpole? Wewe ndiye unayemjua, tunataka kuona kama amebadilika." Baba yako alikuwa amekaa pale kitandani na bandeji yake, ananitazama kama mwanafunzi anayesubiri kusomewa matokeo. Alikuwa hajui, Chiriku. Alikuwa anasubiri mimi nimwambie yeye ni nani. Nikasema, "Mpole. Alikuwa mpole siku zote." Daktari akaandika, akafurahi, akasema basi hakuna kilichobadilika, mpelekeni nyumbani.

Neno likishatoka ndiyo limetoka. Tulipofika nyumbani akaanza maswali. "Nilikuwa nakusaidia vyombo?" Nikasema kila siku. Akaenda kuosha. "Nilikuwa na marafiki?" Nikasema mtaa mzima. Akaanza kusalimia watu ambao walikuwa wakimwona wanavuka barabara. Nikawa namshonea mtu kwa maneno, yeye anamvaa, na anamkaa vizuri kuliko yule niliyeolewa naye. Utanilaumu, lakini ungekuwa mimi ungefanya nini?

Tatizo likawa wewe. Baba mpole kiasi hicho, binti yake amwache kwa lipi? Aliuliza mara ya kwanza nikajitia hamnazo. Akauliza tena. Nikasema ulipopata elimu uliingiwa na kiburi, ukamwonea aibu na nguo zake za rangi mbele ya wenzako, mkakosana, ukaondoka. Lilikuwa jambo la karibu, nikalishika. Akalia. Kisha akajifuta akasema, "Mtoto ni mtoto. Mwandikie nimemsamehe."

Anajua pia kwamba una sikio bovu, maana alinikuta nikikuandikia habari zake. Nikamwambia ni homa ya utotoni. Amenunua kichupa cha mafuta ya kupasha moto utie tone moja moja. Kipo dirishani, anakifuta vumbi, anakusubiri.

Najua nimekukosea. Nimekuchukua wewe nikakuweka rehani ili yeye apate kuwa mtu mwema, nawe hukuulizwa. Lakini nakuomba, tumwache hivi hivi. Wewe uko mbali, haikupunguzii kitu akidhani ulikuwa na kiburi. Nikimwambia ukweli naogopa nitakuwa nimemwita yule mwingine, na ataitika.

Mama yako


Tarehe 30 Juni

Mama, shikamoo.

Mpe wifi na kaka salamu. Hapa kazini tuna oda kubwa ya sare za wauguzi na miguu yangu imevimba. Hizo ndizo habari zangu. Nimeziandika kwanza kwa sababu ulinifundisha kwamba barua haianzi na ubaya.

Nimejaribu kufikiri kama ulivyotaka nifikiri. Nimejiambia: aliyenipiga alibaki pale chini ya ngazi, na aliyeamka hospitalini ni mtu mwingine aliyekuta koti la marehemu likamtosha. Nikiliamini hilo, basi huyu mzee wa mwiko hana la kunisamehe wala la kuniomba, na mimi nina sikio lililokufa ambalo hakuna mtu aliyeliua. Nimejaribu pia upande wa pili. Nikisema ni yule yule ila amesahau, basi mafuta yake ayatie mahali pengine. Kila nikigeuka nakosa pa kuiweka hasira yangu. Nimeibeba miaka mingi ikiwa na jina na anwani, leo unaniambia mwenye nyumba amehama.

Tena kuna yule wa tatu, yule aliyenipa kopo na brashi kavu. Huyo namkumbuka pia, na ndiye anayeniumiza zaidi. Sijui alikwenda wapi wala lini. Huyo hakuanguka popote, tulikuwa naye mezani siku moja tukashtuka hayupo.

Nikwambie jambo la kazini. Wiki iliyopita nilikuwa narudi kutoka stoo, nikasikia wasichana wangu wanacheka ndani. Kabla sijashika mlango nikakohoa. Sikuwa na mafua. Vicheko vikakatika, na nilipoingia kila kichwa kilikuwa kimeinama kwenye cherehani. Mmoja, mgeni, alishtuka mpaka uzi ukamtoka kwenye sindano. Nilisimama pale nikaijua ile sauti iliyotoka kooni kwangu. Yeye amesahau, mimi nimekumbuka kwa niaba yake. Nimeona haya mbele ya watoto wa watu, na sikuwa na ngazi ya kusingizia.

Sasa turudi kwako, maana barua zako zote zinamhusu yeye. Siku ile aliponipiga sikio, redio ilikuwa yako. Wimbo ulikuwa wako, wewe ndiye uliyeongeza sauti na kuniambia tucheze. Mimi sikusikia kikohozi kwa sababu nilikuwa naimba. Wewe ulikisikia. Nilikuona ukikisikia. Hukuizima redio, hukunishika mkono, ulitoka kwa mlango wa nyuma ukaniacha katikati ya chumba. Halafu ukanipeleka zahanati, daktari akauliza mtoto amepatwa na nini, ukasema homa. Hii ya mzee ni mara ya pili unamjibia mtu kwa daktari.

Miaka yote umeandika homa, homa, mpaka nami nikikutana na watu nasema homa.

Baba alianguka kwenye ngazi, Mama. Wewe hukuanguka. Wewe ni yule yule na kumbukumbu zako zote unazo.

Mwambie. Mwambie yote, na mlango wa nyuma pia. Usipomwambia sitaandika tena, na hiki si kiburi cha elimu.

Binti yako


Tarehe 22 Agosti

Chiriku,

Marahaba. Wifi yako amejifungua mtoto wa kike, mzima, mwenye mapafu ya mnada. Kaka yako anatembea mtaani kama aliyezaa yeye. Sikukujibu tangu barua yako ya Juni kwa sababu nilikuwa sijafanya ulichoniambia, na nilijua nikiandika kabla ya kufanya nitakuandikia goti.

Nimemwambia. Ilikuwa mchana, yeye anaosha sahani, mimi nafuta. Nilichagua wakati ambao mikono yake iko majini, uone nilivyo mwoga. Nikaanza mwanzo. Mwanzoni alicheka, akadhani nasimulia habari za mzee wa jirani. Nilipolitaja jina lako akaacha kucheka.

Akauliza, "Mkono upi?"

Nikamwambia wa kulia.

"Huu wa brashi?"

Akautoa majini, akaukausha kwa kitambaa kidole kimoja kimoja, akautazama pande zote. Akauliza, "Alimpigia nini?" Alisema hivyo, *alimpigia*, kama tunamzungumzia mtu aliyepita njia. Nikamjibu kwamba sauti ya redio ilikuwa juu. Akasubiri niendelee, akadhani kuna zaidi. Hakukuwa na zaidi.

Kisha akasema, "Mtu huyo simkumbuki. Namtafuta humu ndani simpati. Lakini hakuna mlango mwingine wa kwenda kumgongea. Mkono umebaki kwangu."

Nilidhani tumemaliza, nikanyanyua sahani. Ndipo akauliza, "Na wewe ulikuwa wapi?"

Nikamwambia. Hakunikemea. Aliendelea kunitazama tu, bila ukali, na hilo ndilo lililonimaliza. Mwanangu, sikufichi, kwa muda mfupi nilitamani yule wa zamani arudi. Yule akiwa ndani ya nyumba, mkosaji alikuwa yeye peke yake, na mimi nilikuwa mama anayevumilia. Nimeishi ndani ya jina hilo miaka yote, watu wananipa pole, nami naipokea. Kumbe nilikuwa namhitaji vile vile alivyo. Alipoondoka yeye nikabaki mimi na mlango wangu.

Niliogopa kwamba yule mkali ataitika. Hakuitika. Lakini huyu mchangamfu naye hakubaki. Yupo mtu kimya, hata sijui nimwite nani. Mwiko ameurudisha kwenye msumari. Kichupa cha mafuta amekiondoa dirishani, sijamuuliza amekipeleka wapi. Na hakohoi tena. Akifika getini anasimama, anapiga hodi kwenye nyumba yake mwenyewe, na haingii mpaka mmoja wetu aseme karibu. Juzi alishikwa na mafua, nikamwona dirishani anavuka barabara kwenda kukoholea kule kwenye duka la dawa, chini ya bango lake ambalo halijamalizika. Akarudi macho mekundu, akapiga hodi.

Nami nilirudi kwa daktari. Nilimkuta na foleni, nikakaa na wagonjwa. Zamu yangu ilipofika nikamwambia nilimdanganya, mume wangu hakuwa mpole. Akauliza, "Kwa hiyo amebadilika?" Nikamwambia ndiyo, amebadilika, na sikio la binti yangu halikuwa homa. Daktari akanishangaa, maana hata hakujua nina binti.

Halikuwa homa, Chiriku. Nilikisikia kikohozi nikatoka kwa mlango wa nyuma. Jana nilikwenda nikasimama pale nikaupima kwa macho. Tungepita wote wawili.

Baba yako anauliza kama mtu anaruhusiwa kuomba msamaha kwa jambo asilolikumbuka. Safari hii sikumjibia mtu, swali nimekuletea wewe.

Mama yako


Tarehe 14 Septemba

Mama, shikamoo.

Hongera ya mjukuu. Nimemshonea vigauni kwa vitambaa vilivyobaki kwenye oda, kola zake zimekaa sawa. Mapafu ya mnada amerithi kwangu, msimlaumu mama yake.

Barua yako nimeisoma mara nyingi. Pale ulipoandika kwamba halikuwa homa niliweka kidole nikakiacha. Nilikuwa sijui kama ningekuja kuliona neno hilo kwa mwandiko wako.

Kazini nimewaambia wasichana nikikohoa mlangoni waendelee kucheka. Waliitikia "sawa, dada" kwa pamoja na hakuna aliyecheka. Nimeelewa. Kwa hiyo siku hizi nafika nikiimba tangu kwenye ngazi, vibaya, kwa sauti. Wananiona nimeharibikiwa, lakini yule mgeni juzi alinicheka waziwazi na uzi haukumtoka.

Kuhusu swali la mzee, sijui kama anaruhusiwa. Nimelifikiri mpaka kichwa kimeniuma. Sijui aliyeanguka na aliyeamka ni mtu mmoja au wawili, na sidhani kama nitajua. Lakini yule anayekwenda kukohoa ng'ambo ya barabara, huyo sijawahi kuonana naye.

Sijamsamehe. Wewe pia bado, na nakuomba usinisukume. Nimeomba likizo, wamenikubalia. Nitafika wiki ya mwisho ya Oktoba, kaka aje anipokee kituoni.

Nikiingia redio iwe inawaka. Wewe usiende jikoni, wala usitoke nje, ukae hapo hapo chumbani na mimi. Na yeye, mwambie apige hodi kama anavyopiga, mimi ndiye nitakayesema karibu. Akiwa na neno la kuniambia, asimame upande wangu wa kulia. Upande wa kushoto sisikii kitu, na hilo nataka kulisikia lote.

Chiriku